Il Mare na The Lake House, My Sassy Girl na marudio yake ya 2008: Hollywood walibeba nini, wakaacha nini?

#1 MajiKupwa

Wakuu, kila zinapotajwa filamu za mapenzi za Korea zilizorudiwa Marekani, mjadala huishia kwenye "ya kwanza ndiyo kali" na basi. Hakuna anayeonyesha ukali huo uko kwenye tukio gani na umetokana na nini. Tuifanye kazi hiyo hapa. Naanza na jozi ya kwanza. Anayetaka kuongeza jozi nyingine aongeze, ila alete matukio. Uzi huu unafichua miisho yote, kwa hiyo ambaye hajatazama aamue mwenyewe kama anaendelea kusoma.

Il Mare ilitoka Korea Kusini mwaka 2000. Mwongozaji ni Lee Hyun-seung, waigizaji wakuu ni Jun Ji-hyun na Lee Jung-jae, yule yule wa Squid Game aliyechukua Emmy mwaka 2022. Jina lake la Kikorea ni Siworae, yaani mapenzi yanayovuka wakati. Warner Bros. waliitoa upya Juni 2006 kama The Lake House, wakiwa na Keanu Reeves na Sandra Bullock, mwongozaji Alejandro Agresti wa Argentina, mwandishi David Auburn.

Mkasa ni mmoja. Nyumba moja imekaliwa na watu wawili kwa nyakati tofauti, mwanamume yuko miaka miwili nyuma ya mwanamke, na sanduku la barua la nyumba hiyo linapitisha barua kati yao. Korea ni 1997 na 1999, Marekani ni 2004 na 2006.

Mimi naanza na nyumba yenyewe, maana hapo ndipo filamu mbili zinapoachana kabla hata mtu hajafungua mdomo. Nyumba ya Il Mare ilijengwa kwa ajili ya filamu, juu ya nguzo, kwenye ufuko wa kisiwa cha Seokmodo, eneo la Ganghwa, Incheon. Bahari ya upande ule ina kupwa na kujaa kwa kiwango kikubwa sana: wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji makuu na maji yaliyopwa hufika mita 8 hadi 9. Maji yakipwa, matope yanaonekana hadi mbali na nguzo zote zinabaki uchi. Yakijaa, nyumba inaonekana kama imetia nanga. Mtu aliyekulia Lamu, Pemba au Kilwa hahitaji kuelezwa picha hiyo inasema nini. Ni saa ya ukutani. Mpigapicha Hong Kyung-pyo, ambaye miaka mingi baadaye alipiga Parasite, anaiweka kamera mbali na kuiacha itulie, nasi tunaona wakati ukipita bila maandishi yoyote kwenye skrini.

The Lake House waliihamishia nyumba kwenye Maple Lake, kusini-magharibi mwa Chicago: chuma na vioo, ikajengwa kwa ajili ya filamu na kuondolewa baada ya kazi. Ni nyumba nzuri kuitazama. Lakini ziwa halipwi. Saa ya ukutani imeondolewa, na kuanzia hapo filamu inalazimika kutueleza kwa maneno na kwa misimu kile ambacho bahari ilikuwa inaonyesha yenyewe. Neno Il Mare, yaani bahari kwa Kitaliano, lilikuwa jina la nyumba. Marekani limegeuka kuwa jina la mgahawa.

#2 BarazaLaMjini

Mkuu, hoja ya maji naikubali, ila usiwanyime haki yao. The Lake House iliingiza zaidi ya dola milioni 110 duniani, na sababu haikuwa tu hamu ya watu kuwaona tena Reeves na Bullock pamoja baada ya Speed ya 1994. Kuna mambo matatu ilifanya kwa akili.

Kwanza sanduku la barua. Kwetu barua hufuatwa posta kwenye sanduku lenye namba, kwa hiyo mtu anaweza asielewe. Sanduku la Marekani husimama mbele ya nyumba na lina kibendera chekundu pembeni. Ukikiinua, tarishi anajua kuna barua ya kuchukua. Agresti anakitumia kibendera hicho kama mhusika: kinashuka chenyewe mbele ya macho ya Bullock, na pale pale tunajua kwamba upande wa pili kuna mtu, wakati huo huo, miaka miwili nyuma. Hakuna athari za kompyuta wala mwanga wa ajabu. Kipande cha bati kinatosha.

Pili, mti. Alex (Reeves) anapanda mti mbele ya jengo ambalo Kate (Bullock) atakuja kukaa, na kwa Kate mti unakuwepo tayari. Zawadi inayohitaji miaka ili ifike.

Tatu, Chicago. Alex ni msanifu majengo, anamtumia Kate ramani ya matembezi na wanatembea jiji lile lile kila mmoja na mwaka wake. Jiji hilo lina historia ya usanifu inayojulikana duniani, na filamu inaitumia sawasawa. Auburn ni mwandishi wa tamthilia. Proof yake, iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 2001, nayo inatokea Chicago. Mji anaujua.

#3 MajiKupwa

Mti nakubali moja kwa moja. Ni bora kuliko vitu vingi vilivyobadilishwa.

Ila huyo Auburn ndiye alileta tatizo la pili. Kwa sababu ni mtu wa jukwaa, amegeuza barua kuwa mazungumzo. Angalia sehemu ya katikati: Kate anasema sentensi, Alex anajibu, Kate anakatiza, kama watu wawili kwenye simu. Ukishafanya hivyo, mtazamaji anasahau kwamba kila jibu limepitia kwenye sanduku. Kwenye Il Mare barua inasomwa kwa sauti ya aliyeiandika, kisha unaachiwa ukimya, halafu ndipo unamwona aliyeipokea. Ukimya ule ndio umbali wenyewe.

#4 Dada_Utenzi

Naongeza jozi ambayo watu wengi huipita: kitu kilichosahauliwa stesheni.

Kwenye Il Mare, Eun-joo (Jun) anamwomba Sung-hyun (Lee) amchukulie kinasa sauti alichokisahau kwenye stesheni miaka miwili iliyopita. Sung-hyun anaenda, na anamwona kwa mara ya kwanza, ilhali Eun-joo hamjui. Kazi ya Eun-joo ni kuingiza sauti za wahusika. Basi mwanamke wa sauti amepoteza sauti, na mwanamume anaipata sauti hiyo kabla hajampata mwenye nayo. Kila kipande kinashikana na kingine.

The Lake House wamekitoa kinasa sauti na kuweka kitabu, Persuasion cha Jane Austen. Kwa msomaji wa Kiingereza ni chaguo la maana: riwaya hiyo inahusu wapenzi waliotengana kwa takriban miaka minane kisha wakapewa nafasi ya pili. Lakini kitabu kinakuja na maelezo yake tayari. Wahusika wanakizungumzia, wanasimuliana kinahusu nini, na mtazamaji anaambiwa afikirie nini kuhusu kusubiri. Kinasa sauti hakikuelezwa na mtu.

Halafu kuna uamuzi ambao mimi naona ndio uliovunja mgongo wa toleo la Marekani. Katikati ya filamu, Alex anafika kwenye sherehe ya kuzaliwa ya Kate mwaka 2004, wanacheza muziki pamoja na wanabusiana. Tukio lenyewe ni zuri, muda ni mrefu, taa ni laini. Ila filamu nzima imejengwa juu ya watu wawili wasioweza kugusana. Ukiwagusanisha katikati, nusu ya pili inabaki kudai kitu ambacho mtazamaji ameshapewa. Kwenye Il Mare, Jun na Lee karibu hawasimami kabisa mbele ya kamera moja wakiwa wanajuana. Nadhani studio iliogopa kuwalipa nyota wawili wakubwa kisha isiwaonyeshe pamoja mpaka mwisho.

#5 Kalamu na Rula

Kwa wanaochanganyikiwa na miaka, msitegemee kumbukumbu. Chukueni karatasi mchore.

Piga mistari miwili ya kulala. Wa juu ni wa mwanamume, wa chini ni wa mwanamke. Gawa kila mmoja kwa miezi. Kwa The Lake House, mstari wa juu uanze 2004 uishe 2006, wa chini uanze 2006 uishe 2008, tarehe zikikaa sambamba: 14 Februari 2006 ya juu iwe juu kabisa ya 14 Februari 2008 ya chini. Kila barua ni mshale wa wima. Kila mahali wanapokutana ana kwa ana ni mshale wa mshazari, kwa sababu hapo wako kwenye tarehe moja ya kalenda.

Ukimaliza utaona hivi. 14 Februari 2006, Kate yuko Daley Plaza, uwanja wa katikati ya Chicago, na mwanamume anagongwa na gari mbele yake, anafia mikononi mwake. Baada ya msiba huo ndipo anarudi ziwani kutuliza akili, na anakuta ndani ya sanduku jibu la barua aliyoiacha alipohama. Mwaka 2008 anagundua kwamba yule marehemu alikuwa Alex, aliyekuwa akivuka kumfuata yeye. Anakimbilia ziwani na kuandika: usinitafute, subiri miaka miwili, uje kwenye nyumba. Alex anatii. Anafika 2008, wanakumbatiana.

Sasa futa ule mshale wa kifo. Kama Alex hakufa, Kate hakumshika mtu akifa. Kama hakumshika, kwa nini alirudi ziwani siku ile? Na kama hakurudi, barua zilianzaje? Karatasi haina jibu, na filamu inatumaini hutauliza kwa sababu busu limeshaanza.

#6 Dada_Utenzi

Na hapo ndipo mwisho wa Il Mare unapostahili heshima. Eun-joo, kwa ubinafsi wa mtu aliyeumizwa, anamwomba Sung-hyun akazuie asiachwe na mpenzi wake wa zamani. Sung-hyun, ambaye ameshampenda, anakubali. Anaenda, anagongwa, anafariki. Eun-joo ndiye aliyemtuma. Kwa Kate ni ajali ya mtu aliyekuja kwa hiari yake. Kwa Eun-joo ni deni. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko bahari na ziwa.

Kisha onyo la Eun-joo linamfikia Sung-hyun kabla ya ajali, na angalia anakuja kumtafuta lini: siku ile Eun-joo anahama nyumba, mwishoni mwa 1999, wakati barua ya kwanza ndiyo kwanza inawekwa kwenye sanduku. Eun-joo huyo hamjui kabisa. Hajapokea barua hata moja. Sung-hyun anamwambia ana hadithi ndefu sana, kama ataweza kuiamini. Filamu inaishia hapo.

Maana yake mapenzi yote yale, barua zote, zimebaki kichwani mwa mtu mmoja. Yeye amepona, lakini Eun-joo aliyempenda kwa barua hayupo tena. Inabidi aanze upya na mgeni mwenye sura ileile. Hollywood walimpa kila mtu kila kitu: yuko hai, anamjua, anakumbuka. Hakuna aliyelipa.

#7 BarazaLaMjini

Hiyo ya deni sikuwa nimeiweka hivyo. Nimekubali. Bado mti ni wao.

#8 Mwalimu wa Vituko

Naleta jozi ya pili, na hapa sitakuwa mpole.

My Sassy Girl ya Kwak Jae-yong, 2001, Jun Ji-hyun tena pamoja na Cha Tae-hyun. Ilianza kama mfululizo wa mabandiko ya Kim Ho-sik kwenye huduma ya mtandao ya Nownuri mwaka 1999, yakawa kitabu, kisha filamu. Yaani asili yake ni uzi kama huu. Jina la Kikorea lina neno yeopgi, lililovuma sana mtandaoni Korea miaka ile kwa maana ya kituko, jambo la ajabu linalopita mpaka. Binti wa vituko ingekuwa tafsiri ya karibu zaidi kuliko neno la Kiingereza, ambalo linamfanya aonekane mjuaji tu.

Marudio ni ya 2008, mwongozaji Mfaransa Yann Samuell, waigizaji Elisha Cuthbert na Jesse Bradford, New York. Marekani haikupita sinema, ilienda moja kwa moja kwenye DVD.

Chukua tukio la treni tu. Kwenye ya Korea, binti amelewa chakari, lakini kabla ya kutapika anamwamuru kijana aliyekaa ampishe mzee kiti. Halafu anamtapikia abiria mzee kwenye nywele za bandia, anamtazama Gyeon-woo, kijana asiyemjua, anamwita "jagiya", neno la wapenzi, kisha anazimia. Behewa zima linamgeukia Gyeon-woo. Wanamkemea: mtunze mwenzako! Hana pa kukimbilia. Aibu ya mbele ya wakubwa ndiyo inayomfanya ambebe mgongoni, na mkasa wote unatokana na dakika hizo chache.

Hilo linahitaji jamii ambayo mgeni kwenye treni ana haki ya kukukemea. Treni ya chini ya ardhi ya New York ina desturi tofauti kabisa: kila mtu hutazama pembeni. Kwa hiyo waandishi walilazimika kumfanya Charlie (Bradford) kuwa kijana mwema aliyetoka Indiana, anayesaidia kwa sababu ya malezi yake. Nguvu iliyokuwa inatoka kwa umati sasa inatoka kwenye tabia ya mtu mmoja, na vichekesho vinakufa, kwa sababu mtu mwema anayetenda wema hana mgogoro wowote.

Jambo jingine ni shangazi. Mama yake Gyeon-woo anamgombeza mara kwa mara aende kumsalimia shangazi aliyefiwa na mwanawe, naye anakwepa filamu nzima. Sisi tunacheka kwa sababu tunamjua kijana wa namna hiyo. Kumbe shangazi ndiye aliyetaka kumkutanisha na binti huyo tangu mwanzo, kwa kuwa binti alikuwa mchumba wa marehemu. Angetii siku ya kwanza, wangekutana sebuleni kwa chai. Kwak ameficha ufunguo wa filamu ndani ya wajibu wa kifamilia ambao kila Mkorea anausikia masikioni. Ukiupeleka mahali ambapo kutomtembelea shangazi si kosa, ufunguo unaonekana kama bahati nasibu tu.

#9 Lugha_Yetu

Mwalimu, ongeza suala la lugha, maana Kiingereza hakikuwa na cha kufanyia kazi.

Kikorea kina ngazi za heshima ndani ya kitenzi chenyewe. Ukiongea na mkubwa au mgeni unatumia mwisho mmoja wa kitenzi, ukiongea na rafiki wa rika lako unatumia mwingine. Binti wa vituko anamshushia Gyeon-woo heshima tangu mwanzo, na kila mara anapofanya hivyo Mkorea anasikia kofi. Kiswahili hakina ngazi hizo kwenye kitenzi, lakini fikiria binti anayekutana na mtu kwa mara ya kwanza, badala ya salamu anamwambia "we, njoo hapa". Tunalisikia kofi hilo. Kwenye toleo la Kiingereza inabaki sauti ya ukali tu, na ukali wa sauti pekee unachosha baada ya dakika 20.

Pia binti hana jina. Anaitwa "yeye" mwanzo hadi mwisho. Kikorea kinaweza kuacha kutaja mtendaji, kwa hiyo mazungumzo yanapita bila kujikwaa. Marekani wakampa jina, Jordan Roark. Dogo hilo? Siyo dogo. Anayesimulia ni Gyeon-woo, na mwanamke asiye na jina ni mwanamke ambaye msimulizi hajampata bado.

#10 Kijana wa Mbezi

Naomba msaada wa vitendo wakuu. Nataka nizitazame zote nne. Nianze na ipi, na nitajuaje kwamba nimepata toleo sahihi?

#11 Kalamu na Rula

Anza na The Lake House, kisha Il Mare. Ukianza na ya Korea utaitazama ya Marekani ukiwa hakimu na hutaona mti wala kibendera. Kwa My Sassy Girl fanya kinyume, anza na ya Korea, maana marudio yanakuonyesha vichekesho vyote vikiwa vimepoa na yatakuharibia.

Kuhusu matoleo: My Sassy Girl ya sinema ni dakika 123, na kuna toleo la mwongozaji la dakika 137. Chukua la 123 kwanza. Filamu imegawanywa kama mechi: kipindi cha kwanza, kipindi cha pili, dakika za nyongeza. Kama nakala yako haina maandishi ya vipindi hivyo, imekatwa. Usichanganye na My New Sassy Girl ya 2016, ambayo ni mwendelezo wenye binti mwingine.

Epuka nakala zilizoingizwa sauti za Kiingereza. Il Mare bila sauti ya Jun Ji-hyun ni filamu nyingine, ukizingatia kazi ya mhusika wake. Tafsiri ya maandishi ikigoma kwenda sawa na midomo, isogeze kwenye kichezeo: VLC kwenye kompyuta, bonyeza G au H, kila mbonyezo ni milisekunde 50.

Tazama tukio moja moja kwa jozi baada ya kumaliza zote. Matukio matatu yanatosha: stesheni, miadi iliyovunjika (pwani ya kisiwa cha Jeju kwa Il Mare, mgahawa kwa The Lake House), na mwisho. Kila tukio andika nani anajua nini wakati huo. Usiandike lipi limekufurahisha, hilo litakuja lenyewe.

#12 Ghuba24

Mnazungumza kana kwamba Hollywood ndio pekee waliorudia. My Sassy Girl ilipata sura ya Kihindi mwaka 2008 huo huo, Ugly Aur Pagli, na tamthilia ya Kijapani mwaka huo pia. Always, filamu ya Korea ya 2011, Waturuki waliirudia 2014 kama Sadece Sen, Wahindi 2016 kama Do Lafzon Ki Kahani. Ya Uturuki imesimama vizuri, kwa sababu familia, aibu na wajibu viko palepale. Hakuna kilichohitaji kubuniwa upya.

Na Miss Granny ya Korea ya 2014, ya bibi anayerudi ujanani, ingawa si ya mapenzi moja kwa moja, imerudiwa China, Vietnam, Japani, Thailand, Indonesia na Ufilipino. Kampuni ya Korea, CJ, ilishiriki kuzitengeneza yenyewe badala ya kuuza haki na kuondoka. Kila nchi iliruhusiwa kubadilisha nyimbo za ujana wa bibi, kwa sababu ndizo zinazobeba kumbukumbu ya watazamaji wa pale.

#13 MajiKupwa

Ghuba24, hiyo ya nyimbo inanirudisha kwenye ziwa. Nimeitazama tena miadi iliyovunjika, zote mbili, kwa njia ya Kalamu.

Mgahawani, Kate anakaa peke yake mpaka mhudumu anaelewa kwamba mgeni haji. Tunajua muda umepita kwa sababu wateja wengine wameondoka. Ni njia sahihi, imefanywa vizuri, na nimemwonea huruma kweli.

Kule Jeju hakuna wateja wa kuondoka. Kuna mwanamke, mchanga na maji. Hakuna anayemfahamisha kwamba amechelewa au amewahi, hakuna wa kumhurumia ndani ya picha. Baraza, wewe unayetetea mti: ungeuweka wapi kwenye tukio hilo?

#14 BarazaLaMjini

Nisingeuweka. Ufuko ule uachwe kama ulivyo.